Mwanangu ana usonji na anakaribia kutimiza miaka 3: je, nimruhusu aanze chekechea ya elimu maalumu?

Mwanatanga wa Ohio aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa sita tangu tuhamie jimbo la Ohio hapa Marekani. Mtoto wangu wa pili, wa kiume, atatimiza miaka 3 wiki saba zijazo. Alipokuwa na miezi 20 tuliona kwamba maneno machache aliyokuwa ameanza kuyatamka, kama vile “mama”, “maji” na “toka”, yalikuwa yanapotea moja baada ya jingine, na kwamba hakuwa akigeuka tulipomwita kwa jina, ingawa mchakacho wa pakiti ya biskuti aliusikia hata akiwa chumba cha pili. Daktari wa watoto alituelekeza kwa wataalamu, na mtoto alipofikisha miezi 27 tukaambiwa kwamba ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia. Tangu hapo mtaalamu wa tiba ya usemi amekuwa akija nyumbani mara moja kwa wiki, chini ya huduma wanazopewa watoto wadogo wa umri huo.

Sasa huduma hiyo inafikia ukomo siku atakapotimiza miaka 3, na kuanzia hapo anakuwa chini ya wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo letu. Wilaya imempima, imekubali kwamba anastahili elimu maalumu, na inapendekeza aingie katika darasa la chekechea lenye watoto 8, mwalimu 1 na wasaidizi 2, siku nne kwa wiki, kuanzia saa tatu kasoro robo asubuhi hadi saa sita kasoro robo, na kwamba achukuliwe na basi mlangoni. Kikao cha kuandika mpango wake binafsi wa elimu, ambao hapa kila mtu anauita IEP, kitafanyika Alhamisi ya wiki ijayo, na nimeambiwa nitatakiwa kutia saini.

Nakiri kwamba ninaogopa. Mtoto huyu hawezi kunieleza kama amepigwa, kama ana kiu au kama ameachwa peke yake. Bado anavaa nepi. Hali chochote isipokuwa wali mkavu, ndizi, na chapati isiyo na doa jeusi hata moja. Hajawahi kupanda gari bila mimi, na leo nikatazame basi la manjano likimchukua kwenda kwa watu nisiowajua? Mume wangu anahofia kwamba tukikubali karatasi hizi mtoto atapigwa muhuri ambao hautafutika maisha yake yote. Mama mkwe, akiwa Tanga, anasema kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema na kwamba tunamtupa mtoto mzima katika darasa la wagonjwa. Isitoshe, mmoja wa wataalamu waliompima alinishauri, kwa upole, tuache kumsemesha Kiswahili nyumbani ili asichanganyikiwe. Naomba mwenye uzoefu anieleze yale ambayo hayamo katika vijitabu walivyonipa.

Baba wa Kigoma alijibu:

Dada, umefanya vyema kuuliza kabla ya kikao, kwa maana mimi niliuliza baada ya kutia saini. Binti yangu sasa ana miaka 5, na alianza darasa la namna hiyo wiki ileile aliyotimiza miaka 3.

Jambo la kwanza ni kwamba unachopewa si hisani. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu mwaka 1975; mwaka 1986 sheria hiyo ikapanuliwa ili watoto wa miaka 3 hadi 5 waingizwe kikamilifu, na mwaka 1990 usonji ukatajwa kwa jina lake miongoni mwa aina za ulemavu zinazotambuliwa. Huduma hutolewa bila malipo, na mzazi ni mjumbe kamili wa kamati inayoandika IEP, sawasawa na mwalimu na mwakilishi wa wilaya. Sisi hatukulelewa hivyo. Nilikosoma mimi, mzazi alipoitwa shuleni alikuwa ameitwa kusomewa makosa ya mtoto wake. Alivua kofia, akaitikia “ndiyo, mwalimu”, akarudi shambani. Nami niliingia katika kikao cha binti yangu na heshima hiyohiyo. Walisoma kurasa 14 kwa kasi, nikaitikia kila ukurasa, nikatia saini, na ilinichukua miezi miwili kugundua kwamba tiba ya usemi ilikuwa imeandikwa dakika 30 kwa mwezi, ilhali mimi nilikuwa nimesikia dakika 30 kwa wiki. Hakuna aliyenidanganya. Ilikuwa imeandikwa mbele ya macho yangu, nami nikaona haya kuwaambia wasome polepole.

Kwa hiyo omba rasimu siku chache kabla ya Alhamisi, uisome nyumbani na mumeo, na utazame hasa mambo mawili: malengo na dakika. Lengo linalosema kwamba mtoto “ataboresha mawasiliano” halina maana, kwa sababu mwisho wa mwaka hakuna atakayeweza kusema kama limefikiwa au la. Lengo linalosema kwamba mtoto ataomba kitu anachokitaka kwa neno, ishara au picha, mara 8 kati ya 10, bila kusukumwa na mtu mzima, hilo linapimika. Dakika nazo ziandikwe: ngapi, kwa wiki au kwa mwezi, ndani ya darasa au kando, na mtaalamu gani. Ahadi ya mdomo, hata ikitolewa kwa tabasamu, haiifungi wilaya. Kinachoifunga ni maandishi.

Hakuna sheria inayokulazimisha kutia saini ukiwa mezani. Hata hivyo usiikalie hati hiyo kwa majuma, kwa kuwa mara hii ya kwanza hawawezi kuanza kumhudumia mtoto bila ridhaa yako ya maandishi, na siku anayotimiza miaka 3 yule mtaalamu wa nyumbani ataacha kuja. Ukishatia saini bado hujafungwa. Unaweza kuitisha kikao kingine wakati wowote bila kungoja mwaka uishe, na hivyo ndivyo nilivyozirekebisha zile dakika. Unaweza pia kuiondoa ridhaa yako kwa maandishi, ila ujue kwamba ukiiondoa huduma zote za elimu maalumu husimama pamoja. Huwezi kuiondoa nusu.

Kuhusu muhuri anaouhofia shemeji: kumbukumbu za shule zinalindwa na sheria ya mwaka 1974, na mwajiri wa miaka ishirini ijayo hatazifungua bila idhini. Mtoto hupimwa upya angalau kila baada ya miaka 3, na wapo wanaotoka katika elimu maalumu wakionekana hawaihitaji tena. Jambo jingine ambalo wengi hatulijui ni kwamba uamuzi wa daktari na uamuzi wa shule ni vitu viwili. Daktari anasema mtoto ana usonji. Shule inaamua kama hali hiyo inaathiri kujifunza kwake kiasi cha kuhitaji elimu maalumu. Mmoja anaweza kukubali na mwingine akakataa, kwa hiyo usishangae ukiona maneno ya hati hizo mbili hayafanani.

Msaidizi wa Darasa alijibu:

Mama, mimi ni mmoja wa wale “watu usiowajua”. Nimekuwa msaidizi katika darasa la namna hii kwa miaka tisa, katika jimbo la Texas, na nimewapokea mikononi mwangu watoto wengi wakilia mlangoni pa basi. Nitakueleza siku inavyokwenda ili uwe na picha kichwani.

Mtoto anapoingia hukuta ratiba ya picha ukutani katika kimo chake: picha ya begi, picha ya mkeka, picha ya sahani, picha ya bembea, picha ya basi. Kila shughuli inapokwisha anaibandua picha yake na kuitia katika kisanduku. Jambo hili huonekana dogo, lakini kwa mtoto anayeogopa mabadiliko ndilo linalomwambia kwamba bembea ipo na haijafutwa, na kwamba picha ya basi ikibaki peke yake anarudi kwa mama. Kwa mtoto anayeanza tunatumia kibao chenye picha mbili tu: kwanza viatu, kisha bembea. Mara nyingi mtaalamu wa usemi huketi humo humo darasani wakati wa vitafunio, kwa sababu hapo ndipo mtoto ana sababu ya kuomba kitu. Mtaalamu wa tiba kazi humfundisha kushika kijiko, kuvumilia rangi ya maji kwenye vidole, kuketi bila kuanguka kwenye kiti. Mgeni akichungulia atadhani watoto wanacheza tu, na kwa kweli wanacheza. Lakini kila mchezo una mtu anayeandika pembeni.

Kuhusu nepi, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Kutojua kutumia choo si sababu ya kumnyima mtoto nafasi katika elimu maalumu. Tunazibadilisha kila siku, na mafunzo ya choo yanaweza kuandikwa kama lengo. Kuhusu chakula, mfungie kile anachokila, na usimtumie kwa mara ya kwanza chakula kigeni wiki ya kwanza ya shule, kwani mabadiliko mawili kwa wakati mmoja ni mzigo mkubwa. Uandike waziwazi habari ya chapati isiyo na doa. Utacheka, lakini mwaka mmoja tulikuwa na mtoto aliyegoma kula kwa siku nne, mpaka bibi yake alipotueleza kwamba ndizi kwake lazima imenywe kwa mkono wake mwenyewe. Tulikuwa tunamharibia kwa wema wetu.

Naomba uandike ukurasa mmoja kuhusu mwanao, umpe mwalimu, dereva na msimamizi wa basi. Andika anachokipenda, kinachomtisha, anavyoonyesha kwamba ana kiu, anavyoonyesha kwamba anaumwa, na kinachomtuliza. Kama nyumbani hutulizwa kwa kufungwa kanga mgongoni, andika. Hatutambeba mgongoni, lakini tutajua kwamba mgandamizo humtuliza na tutatafuta blanketi zito au mto. Andika pia maneno yake ya Kiswahili. Niliwahi kumwona mwalimu mzuri akihangaika dakika nyingi na mtoto aliyekuwa akisema “maji” waziwazi.

Basi ni jambo la kujadiliwa, si la kukubaliwa tu. Usafiri unaweza kuandikwa ndani ya IEP kama huduma, na hapo ndipo utakapotaja kiti chenye mikanda kinacholingana na uzito wake, mtu mzima wa pili mbali na dereva, na sharti kwamba akabidhiwe kwa mkono wa mtu anayejulikana. Kama ana tabia ya kukimbia ghafla, sema, hata kama unaona aibu, kwa sababu hiyo ni habari ya uhai. Wazazi wengi ninaowajua huwapeleka watoto wao wenyewe majuma mawili ya kwanza, kisha wakahamia basi mtoto akishaujua mlango wa darasa. Wengine hufanya kinyume, kwa kuwa mtoto hulia zaidi akimwona mama akiondoka. Unamjua mwanao, chagua wewe.

Kabla ya yote omba kulitembelea darasa watoto wakiwamo. Usitazame rangi za kuta. Tazama kama kuna mtoto aliyekaa kwa muda mrefu bila mtu kumsemesha, tazama mtu mzima anafanya nini mtoto anapolia, na uulize utapashwaje habari kila siku. Kwa mtoto asiyesema, daftari linalokwenda na kurudi ndani ya begi, likieleza amekula nini, amelia wapi, amefanya jambo gani jipya, ndiyo sauti yake.

Mpita Njia alijibu:

Nisamehewe kwa kwenda kinyume na wenzangu. Ningekuwa mimi nisingempeleka. Miaka 3 ni mtoto mchanga. Jirani yangu alikuwa na mtoto wa hivyohivyo, akaanza kusema akiwa na miaka 4 bila darasa lolote. Tena mtoto asiyesema akiwekwa na watoto saba wasiosema, atajifunza usemi kwa nani?

Mama wa Kijana wa Miaka 16 alijibu:

Ndugu Mpita Njia, swali lako la mwisho ni la maana kuliko unavyodhani, na nitalijibu. Lakini maneno yako ya mwanzo ndiyo niliyoambiwa mimi mwaka aliotimiza mwanangu miaka 3, nikayasikiliza kwa sababu yalikuwa matamu. Nilingoja. Kila jamaa alikuwa na mfano wa mjomba aliyechelewa kusema akaja kuwa mwalimu mkuu. Mwanangu alianza huduma akiwa na miaka 5 na nusu, alipoingia shule kwa nguvu ya umri, na kufikia wakati huo alikuwa amejizoeza kuomba kila kitu kwa kupiga kichwa sakafuni, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemfundisha njia nyingine. Ilichukua miaka kumwondolea tabia hiyo. Sisemi kwamba darasa lingemfanya aseme. Mpaka leo anasema kidogo, na anatumia kishikwambi chenye picha na sauti kwa mengi. Ninachosema ni kwamba kama mtoto angesema mwenyewe bila darasa, darasa halitamzuia, na kama asingesema, muda uliopotea haurudi.

Sasa kuhusu watoto wenziwe. Sheria yenyewe inataka mtoto mwenye ulemavu asome pamoja na watoto wasio na ulemavu kwa kadiri inavyofaa, na kumtenga kuwe ni pale tu ambapo hata kwa msaada hawezi kunufaika nao. Kwa hiyo, Mwanatanga, Alhamisi uliza swali hili kwa sauti: katika darasa hili wapo watoto wangapi wasio na ulemavu, na kama hawapo, kwa nini? Baadhi ya wilaya zina madarasa mseto. Nyingine humtuma mwalimu wa elimu maalumu na mtaalamu wa usemi wamfuate mtoto katika chekechea ya kawaida. Mpango wa chekechea uitwao Head Start, ambao serikali kuu iliuanzisha mwaka 1965 kwa familia za kipato cha chini, unatakiwa kutenga angalau asilimia 10 ya nafasi zake kwa watoto wenye ulemavu, na najua familia kadhaa za Wakongo na Wakenya ambao watoto wao hupata huduma za IEP humo humo. Wasikuambie kwamba nafasi hii ndiyo pekee kwa sababu tu ndiyo yenye kiti kilicho wazi. Hata hivyo, wapo watoto ambao kelele za watoto 18 huwamaliza kabla ya saa nne asubuhi, na kwao darasa dogo ni nafuu. Nafikiri mtoto uliyemweleza anaweza kuanza katika darasa dogo, kukiwa na saa zilizoandikwa za kucheza na wengine, kisha mwangalie tena baada ya miezi michache. Hilo ni wazo langu tu, na sijamwona.

Mama mkwe usibishane naye kwa simu. Mimi nilibishana mwaka mzima na sikushinda. Nilipoanza kumtumia mama mkwe wangu video fupi za mjukuu wake akibandua picha na kuzitia kisandukuni, aliacha kuuliza nani alimroga, akaanza kuuliza kwa nini picha ya uji haipo. Akina bibi wakipewa kazi hupoa.

Mkalimani alijibu:

Ninakalimani Kiswahili katika mahospitali na shule, na nimeketi katika vikao vya IEP ambavyo hesabu yake siikumbuki. Naomba niongeze lile linalohusu lugha, kwani naona limepitwa haraka.

Dada, hata kama Kiingereza chako ni cha kutosha kazini na dukani, una haki ya kuwa na mkalimani katika kikao hicho, na wilaya ndiyo inayomlipa. Omba leo kwa maandishi, usingoje Jumatano. Usikubali mtoto wako mkubwa akukalimanie. Nimemwona msichana wa miaka 11 akitakiwa kumwambia mama yake kwamba mdogo wake “yuko chini sana” katika kipimo fulani, alinyamaza, kisha akasema kwa Kiswahili, “Wanasema anaendelea vizuri.” Mama akashukuru. Waweza pia kufika na mtu yeyote anayemjua mtoto, awe shangazi, rafiki au yule mtaalamu aliyekuwa akija nyumbani. Na kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha kuwafundisha na kuwashauri wazazi wa watoto wenye ulemavu, kinachopata fedha za serikali kuu na kisichomtoza mzazi chochote. Wapigie kabla ya kikao.

Kuna jambo ambalo mkalimani haruhusiwi kulifanya, nalo ni kukuambia kwamba umeonekana kukubali ilhali hujakubali. Nimeliona mara nyingi hata nikauma ulimi. Mama wa kwetu anainamisha kichwa na kusema “sawa, sawa”, akimaanisha “nakusikiliza, endelea”. Wenzetu waliokaa upande wa pili wa meza husikia “nimekubali”, na mwandishi anaandika kwamba mzazi amekubali. Kama hukubaliani, adabu yako ibaki palepale lakini useme: “Nimekusikia, mwalimu, ila hili silikubali, naomba liandikwe kwamba mzazi ameomba kitu kingine.” Ukisha kulitamka ombi lako nao wakalikataa, wanatakiwa wakupe maelezo kwa maandishi ya kwa nini wamekataa. Usipolitamka, hakuna cha kujibiwa.

Kuhusu ushauri wa kuacha Kiswahili, nakuomba usiufuate. Tafiti zilizowalinganisha watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili na wale wa lugha moja hazijaonyesha kwamba lugha ya pili huwachelewesha. Fikiri pia kwa akili ya kawaida: mama anayeambiwa aache lugha yake huanza kusema maneno machache, makavu, yasiyo na utani wala wimbo, na kaka mtu akiongea na baba, mtoto huyu peke yake anabaki nje ya mazungumzo ya nyumba yake. Vilevile uliza kama walimpima kwa Kiingereza tu. Sheria inataka mtoto apimwe katika lugha na kwa njia itakayoonyesha kwa usahihi anachokijua, isipokuwa pale ambapo ni dhahiri haiwezekani. Kama anaelewa “njoo”, “kaa” na “leta kiatu” na haya hayamo katika ripoti, omba yaongezwe.

Mwanatanga wa Ohio aliandika, baada ya majuma tisa:

Ndugu zangu, niwieni radhi kwa kimya kirefu. Nilikwenda kikaoni na mume wangu, mkalimani, na yule mtaalamu wa nyumbani. Rasimu niliipata siku mbili kabla, na nilipoisoma nikakuta lengo la “kuboresha mawasiliano” limekaa palepale Baba wa Kigoma aliposema litakuwa. Likaandikwa upya. Tiba ya usemi iliwekwa dakika 60 kwa wiki. Niliomba 90, wakakataa, wakaniandikia sababu, na tumekubaliana kuliangalia tena mwezi wa tatu. Niliposema kwamba silikubali jambo fulani sauti ilinitetemeka, na mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, sijui kwa kunitia moyo au kwa kunizuia, na mpaka leo hajaniambia.

Darasa halikuwa na mtoto hata mmoja asiye na ulemavu. Wameandika kwamba siku mbili kwa wiki atakwenda na msaidizi katika chumba cha jirani wakati wa michezo na vitafunio. Sijui kama inatosha. Ushauri wa kuacha Kiswahili haukurudiwa na mtu yeyote, nami sikuuleta mezani.

Siku ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Alilia tangu mlangoni, nami nililia garini hadi saa sita kasoro robo. Siku ya tatu alilia kidogo. Wiki ya pili aliugua mafua, akakaa nyumbani siku nne, na aliporudi tukaanza kilio upya kana kwamba hajawahi kufika. Basi ameanza Jumatatu iliyopita. Kiti kina mikanda mitano, na msimamizi wake ni mama mtu mzima anayemwimbia, ingawa sijui anaimba nini. Hajasema neno jipya. Lakini juzi alivuta mkono wangu hadi kwenye friji, akaubandika hapo, kisha akanitazama usoni, jambo ambalo zamani alilifanya bila kunitazama.

Nina swali kwa Msaidizi wa Darasa. Mwalimu wake anataka kumwanzishia kishikwambi chenye picha na sauti, na ameniomba orodha ya maneno 20 ya kuanzia. Sauti iliyomo ni ya Kiingereza, lakini anasema inawezekana kurekodi yangu. Je, nirekodi kwa Kiswahili wakati wenzake darasani hawataelewa, au kila picha iwe na sauti mbili? Na je, mume wangu ana haki ya kuhofia kwamba mtoto akipewa mashine ya kumsemea hatasema kamwe?

Msaidizi wa Darasa alijibu:

Mwambie baba asihofu. Tafiti zilizofanyika hazijaonyesha kwamba picha na vifaa vya sauti huzuia usemi, na katika darasa letu nimeona baadhi ya watoto wakianza kulitamka neno baada ya kulibonyeza mara nyingi. Sauti mbili kwa kila picha zitamchanganya atakapobonyeza. Afadhali kurasa mbili, moja ya shule na moja ya nyumbani, zenye picha zilezile na mahali palepale, ili kidole chake kisihitaji kujifunza mara mbili. Ya nyumbani urekodi wewe. Katika yale maneno 20 usijaze majina ya vyakula peke yake. Weka “sitaki”, “basi imetosha”, “tena” na “nisaidie”. Na kwa kuwa umesema aliwahi kusema “toka”, lirekodi hilo pia, tena kwa ukali wake uleule.